Dedilifti bila kuua kiuno: kabla ya kulaumu mgongo, pima chuma chako kinaanzia wapi

Chuma_Chakavu (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Uzi huu nimeuahirisha karibu mwaka mzima, maana sehemu yake ya kwanza inanitia aibu. Leo nimeamua.

Napiga tizi kwenye jimu ya uani, Mbagala. Mnazijua: bomba la maji, gia za lori, makopo ya rangi yaliyojazwa zege. Kocha hakuna. Yupo mkubwa wa pale, na ushauri wake kwa kila tatizo ni neno moja, "kaza". Mwaka jana napiga dedilifti, yaani kuokota chuma kutoka ardhini na kusimama nacho wima, nikiwa na kama kilo 90 kwenye bomba, rudio la nne, nikasikia kitu kama mshipi umekatika kiunoni upande wa kulia. Nikaachia chuma nikabaki nimeinama hivyohivyo. Wiki tatu mke wangu ndiye aliyekuwa ananifunga kamba za viatu. Kila aliyekuja kunipa pole alisema lilelile: dedilifti inaua mgongo, achana nayo.

Sikuachana nayo. Leo nanyanyua 120, kiuno kimetulia, na kilichobadilika zaidi ni umbali wa chuma kutoka ardhini.

Pleti kubwa za mashindano zina kipenyo cha sentimita 45. Maana yake mtaimbo, ile rodi inayobeba pleti, ukilala sakafuni, katikati yake iko sentimita 22.5 juu ya ardhi, kwa wengi wetu ni kama katikati ya muundi. Video zote mnazotazama, maelekezo yote ya "kifua juu, mgongo usijikunje", yametungwa kwa urefu huo. Sasa chukua kopo la rangi la lita 4. Langu nililipima, kipenyo ni sentimita 17 na kitu. Bomba lilikuwa linakaa chini ya sentimita 9 kutoka ardhini, na zile gia ni ndogo kuliko kopo! Nilikuwa naokota kilo 90 kwenye vifundo vya miguu, halafu nashangaa mgongo unajikunja. Wa nani usingejikunja?

Dawa ilikuwa matofali mawili ya inchi 5, yale ya kujengea, yakalazwa bapa, moja kila upande. Tisa jumlisha kumi na mbili na nusu, umefika 21.5. Juu ya tofali weka kipande cha tairi kuukuu ili lisipasuke, na kabari mbili za mbao kopo lisibiringike. Matofali hayo hayafiki bei ya sahani mbili za chipsi mayai.

La pili ni makopo yenyewe. Zege lina uzito wa karibu kilo 2.4 kwa lita, kwa hiyo kopo la lita 4 lingetakiwa kukaribia kilo 10. Nikayapeleka makopo na gia zote kwa jamaa wa vyuma chakavu mwenye mizani. Nilipojumlisha, upande wa kulia ulikuwa umezidi wa kushoto kwa kilo 4. Miezi yote ile nilikuwa navuta mzigo uliopinda. Na kiuno kiliachia upande gani? Sisemi ndiyo sababu, ila sikuweza kulala siku hiyo.

Sasa ninavyonyanyua, kwa mpangilio wangu wa kienyeji.

Nasimama chuma kikiwa juu ya katikati ya unyayo, pale kamba za kiatu zinapofungwa, muundi ukiwa mbali nacho kama vidole viwili. Nainama nakishika bila kukisogeza. Hapa ndipo wengi wanaharibu: wanakishika halafu wanakivuta kiwafuate, au wanakiviringisha kama wanacheza bao. Kiache. Wewe ndiye unayekifuata. Kunja magoti mpaka muundi uguse chuma, halafu usiteremshe makalio tena, maana hii si skwati, ile ya kuchuchumaa na chuma mabegani. Ukiyateremsha sana, utakapoanza kuvuta yatapanda peke yake kabla chuma hakijaondoka, na mzigo wote utabaki kiunoni.

Kifua, jifanye unamwonyesha mtu wa mbele maandishi ya fulana yako. Kwapa zibane kama umebana pochi kwenye daladala la jioni, hapo misuli ya ubavuni mwa mgongo inaamka na chuma hakikukimbii. Vuta pumzi iende tumboni, kaza tumbo kama mtu anataka kukupiga ngumi. Kisha vuta kidogo, mpaka bomba lipige ule mlio wa kugusana na makopo, mikono inyooke. Hapo bado hujanyanyua chochote. Ndipo sasa usukume ardhi kwa miguu.

Njia nzima chuma kipande kikigusa mguu. Kitakuchuna ngozi, vaa soksi ndefu. Ukifika juu bana makalio, simama kama mtu, usijipinde nyuma kama unampigia saluti mkuu wa majeshi. Kushuka, makalio yatangulie nyuma kwanza, chuma kikishapita magoti ndipo ukunje magoti. Ukikunja magoti mapema chuma kitayazunguka, na kule mbele ndiko kwenye hatari.

Kwa nini nasisitiza kiguse mguu? Kilo 80 ukiziacha zisogee mbele sentimita 10 tu, kiuno na nyonga vinapata kazi ya ziada sawa na kuning'iniza kilo 8 kwenye ncha ya mti wa mita moja. Aliyewahi kuchota maji anajua: ndoo ukiikumbatia ni nyepesi, ukiinyooshea mikono ni adhabu.

Naomba kuwasilisha. Wajuzi nisahihisheni.

---

Ngurumo_Ya_Ziwa

Nimekaa paleee, ngoja waje wenye vyeti vyao.

---

Mzee_wa_Gulioni

Vijana mna maneno mengi. Nimebeba magunia sokoni zaidi ya miaka 20, viazi lumbesa, mahindi, mgongo umepinda kama upinde, na hadi leo natembea. Hakuna aliyenipimia sentimita. Nyie mnakula vizuri, mnanyanyua kilo 90 mara nne mnalia.

---

Chuma_Chakavu

Shikamoo mzee. Heshima yako iko palepale, lakini nikuulize: gunia lile ulikuwa unaliokota chini mwenyewe?

---

Mzee_wa_Gulioni

Marahaba. Nitaliokotaje chini? Nilikuwa natwishwa.

---

Chuma_Chakavu

Ndiyo hoja yangu yote mzee, umeisema vizuri kuliko mimi. Watu wawili wanakutwisha, mzigo unakaa juu ya uti wa mgongo na unashuka moja kwa moja hadi miguuni. Sehemu ngumu, ile ya kutoka ardhini hadi kiunoni, imegawanywa kwa watu wawili au watatu. Dedilifti ni sehemu hiyohiyo ngumu, peke yako, hakuna wa kukutwisha.

---

Karani_Mstaafu

Naongezea hapo. Tangu mwaka 1967 Shirika la Kazi Duniani, katika Pendekezo lake namba 128, lilisema mzigo wa mwanamume mzima ukizidi kilo 55 zichukuliwe hatua za kuupunguza haraka iwezekanavyo. Lumbesa moja inazidi hapo kwa mbali. Na mzee wetu anatembea, Mungu amzidishie, lakini wale alioanza nao kazi ambao migongo ilikataa hawapo humu jukwaani kutusimulia.

---

Mzee_wa_Gulioni

Hapo sina la kujibu. Wapo wawili nawajua.

---

Mnyoosha_Viungo

Pole kwa yaliyokukuta mwanzisha uzi. Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia, watu kama wewe nawapokea kila wiki, wengi wao ni madereva na akina mama wa ndoo za maji, wanyanyua vyuma ni wachache kuliko mnavyodhani.

Ulichoandika kuhusu urefu ni sahihi, na nashukuru umekisema kwa tofali. Nitarekebisha kimoja. "Mgongo nyoofu" isiwatie hofu. Hata wanyanyuaji wazuri, ukiwapima kwa vifaa, kiuno chao hujikunja kidogo bila wao kujua. Mgongo si kijiti cha kiberiti. Ninachokiogopa mimi ni ule mgongo unaobadilika mzigo ukiwa mkononi: umeanza umenyooka, chuma kimeondoka, mara unakunjika nusu ya njia. Na zaidi ya hapo naogopa haraka. Mwili hujenga misuli, kano na mfupa kulingana na kazi unayopewa, lakini kano zina mwendo wa kobe. Misuli ikishasema tuongeze, kano bado zinahesabu. Ukiniuliza kilichomvunja ndugu yetu, kabla ya kutazama kopo ningeuliza: wiki mbili kabla ya hapo ulikuwa unanyanyua kilo ngapi?

Halafu hili mlisome hata kama hamnyanyui chochote. Maumivu ya kiuno ya ghafla kwa watu wengi hupungua yenyewe ndani ya wiki chache, na dawa yake kubwa si kulala kitandani, ni kutembea na kuendelea na shughuli kadiri unavyoweza. LAKINI ukiona mguu unakosa nguvu, au ganzi sehemu za siri na pale unapokalia tandiko la baiskeli, au mkojo hautoki, au unatoka bila kuuhisi, au haja kubwa inakuponyoka: hospitali siku hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane. Usingoje asubuhi, usiende kuchuliwa. Mishipa ya fahamu ya chini ikibanwa hivyo, saa zinahesabika.

---

Chuma_Chakavu

Umenikamata mtaalamu. Wiki mbili kabla nilikuwa kwenye 70. Kuna jamaa alikuja mgeni pale akavuta 90, nami nikaona nisipitwe.

---

Ngurumo_Ya_Ziwa

Hahahaaa! Kumbe matofali tunayasingizia, ugonjwa ni wivu.

---

Chuma_Chakavu

Vyote viwili mkuu, vyote viwili. Bila tofali ningeumia kwenye 100, bila wivu ningeumia mwezi uliofuata.

---

Dada_wa_Tizi

Habari zenu. Mimi nina watoto wawili, mdogo ana miezi saba. Nataka kuanza lakini mama mkwe anasema mwanamke akinyanyua vizito kizazi kinashuka. Pia bomba la hapa mtaani ni nene, kiganja changu hakifiki kulizunguka.

---

Mnyoosha_Viungo

Dada hongera kwa mtoto. Mama mkwe hajatunga kutoka hewani, misuli ya sakafu ya nyonga kweli hulegea baada ya ujauzito na kujifungua, na mzigo mkubwa wa ghafla hausaidii. Lakini jibu si kukaa. Utanyanyua tu, mtoto wa miezi saba na ndoo ya maji vinakungoja kila siku, bora ujue namna. Kwanza onana na muuguzi au daktari akuangalie, hasa kama ulijifungua kwa upasuaji. Anza na uzito mdogo, toa pumzi wakati wa kunyanyuka badala ya kuibana. Ukiona mkojo unadondoka unaponyanyua, au unahisi kitu kinashuka chini, usione aibu na usivumilie, punguza uzito na urudi kwa mtaalamu. Kuna mazoezi yake, na wanawake wengi hupata nafuu kubwa.

Kuhusu bomba, mashindanoni ya kunyanyua vizito wanawake wana mtaimbo wao wa kilo 15, unene milimita 25, wa wanaume ni kilo 20 na milimita 28. Tofauti hiyo ya unene ni kwa ajili ya kiganja. Usilazimishe bomba. Tumia ndoo mbili au madumu mawili yenye maji, moja kila upande wa mguu, kama unatoka bombani. Mshikio uko juu, mzigo uko ubavuni badala ya mbele, kiuno kinakushukuru. Na uzito unauongeza kwa lita, lita moja kilo moja.

---

Msee_wa_Kayole

Niaje wakubwa, niko huku Nairobi. Hiyo ya madumu huku tunaita mitungi na nimeanza nayo leo, iko poa sana. Swali langu: mimi ni mrefu, miguu mirefu, mikono mifupi. Nikisimama kawaida najiona kama twiga akinywa maji. Msee mmoja akaniambia nipanue miguu kama wale wa sumo. Wengine wanasema hiyo ni kudanganya.

---

Chuma_Chakavu

Si kudanganya ndugu yangu, kwenye sheria za mashindano ya kimataifa ya powalifting mitindo yote miwili inakubalika. Ukipanua miguu mikono inashika ndani ya magoti, kiwiliwili kinasimama wima zaidi, kiuno kinapumzika lakini misuli ya ndani ya paja inalipa. Jaribu wiki chache. Angalia tu magoti yaelekee vidole vinakoelekea, yasiingie ndani. Na chuma kianzie juu ya matofali kama kawaida.

---

Kiganja_Kavu

Mimi shida yangu ni jasho. Dar hii, Februari, bomba linateleza kama kambale. Nimeviringisha mpira wa ndani wa baiskeli. Wengine wananiambia nigeuze mkono mmoja kiganja kitazame mbele.

---

Chuma_Chakavu

Mpira wa baiskeli unazuia kuteleza ila unanenepesha bomba, utachoka vidole mapema. Chaki ya magnesia ikipatikana ndiyo bora. Ukikosa, kitambaa kikavu na kufuta bomba kila seti, yaani kila mkupuo wa marudio.

Kugeuza mkono mmoja kunasaidia kweli, chuma hakiviringiki kutoka vidoleni. Ila ule mkono uliogeuzwa usiukunje kiwiko hata kidogo. Ndio mkono ambao watu hukatika kano ya msuli wa mbele wa juu, wanavuta kwa mkono badala ya kuufanya kamba tu. Mimi nageuza seti ya mwisho peke yake, na nabadilisha upande kila wiki.

---

Ngurumo_Ya_Ziwa

Sasa mbona Eddie Hall, yule baunsa wa Uingereza, alipiga dedilifti ya kilo 500 na mgongo wa juu umejikunja wazi? Yeye hakuambiwa habari za kifua juu?

---

Karani_Mstaafu

Leeds, Julai 2016. Na alipomaliza alitokwa damu puani akazimia. Mwaka 2020 Hafþór Björnsson akaongeza kilo moja kule Iceland, 501. Wale mikono imefungwa mikanda kwenye chuma, madaktari wako pembeni, na wamejenga miili hiyo kwa miaka mingi wakilipwa. Wewe una nini pembeni, mkuu?

---

Ngurumo_Ya_Ziwa

Nina mama ntilie.

---

Dada_wa_Tizi

😂😂 Haya tuseme mtu anaanza kabisa, hajawahi kushika chuma. Aanzie wapi?

---

Chuma_Chakavu

Nitakuambia nilivyoanza upya baada ya kuumia, maana nilirudi kuwa mwanafunzi wa darasa la kwanza.

Wiki mbili za mwanzo sikushika chuma. Nilitumia mti wa ufagio, nauweka wima mgongoni uguse sehemu tatu: kisogo, katikati ya mabega, na mfupa wa mkia. Nainama kwa kusukuma makalio nyuma, na mti usiachane na sehemu hata moja. Siku ya kwanza uliachana na mkia kila mara. Hapo ndipo nilipogundua kwamba miaka yote sikuwa najua kuinama kwa nyonga, nilikuwa nakunja kiuno. Jingine, simama umeupa ukuta mgongo, hatua moja mbele, sukuma makalio mpaka yauguse, rudi. Sogea kidogo mbele, tena. Ukiwa unasubiri chai ichemke inatosha.

Halafu nikafanya ile ya Kiromania, unaanza umesimama na chuma mkononi, unashusha hadi chini kidogo ya magoti, unarudi. Jina lilitokana na Nicu Vlad, bingwa wa Olimpiki ya Los Angeles 1984, Wamarekani walimwona akiifanya wakaipa jina la nchi yake. Hii ndiyo iliyonifundisha kushuka. Wengi tunajua kupandisha tu.

Baada ya hapo nikaanza kunyanyua kutoka juu, matofali mawili mawili kila upande, chuma kikiwa karibu na magoti. Kilo 40. Seti tatu za marudio matano, na kila seti naiacha nikiwa na uwezo wa kurudia mara mbili au tatu zaidi. Hilo la kuacha ndilo gumu kuliko yote, hasa mkubwa wa jimu anapopiga kelele. Kila wiki naongeza kilo mbili na nusu nikiona video yangu iko safi. Simu naiegemeza kwenye ndoo, ubavuni, usawa wa kiuno. Usijirekodi kutoka mbele, utaona misuli tu, hutaona mgongo. Ilipofika mwezi wa tatu nikatoa tofali moja moja. Hili la mwisho sijalitoa na sitalitoa.

Mkanda wa kiuno nilinunua baadaye. Haukushikilii mgongo, unalipatia tumbo kitu cha kusukuma. Kama hujui kukaza tumbo, mkanda ni urembo. Na viatu vya kukimbilia vyenye soli ya godoro viache mlangoni, raba bapa au peku.

---

Mnyoosha_Viungo

Vizuri. Nyongeza fupi: mwenye presha ya kupanda amuone daktari kabla ya kubana pumzi na chuma kizito. Ile pumzi hupandisha presha sana kwa sekunde zile.

---

Msee_wa_Kayole

Nimetoka kupima yetu. Tuna pleti ndogo za chuma, si makopo. Katikati ya rodi hadi chini ni sentimita 11. Kumi na moja! Na kuna msee hapa ana maumivu tangu Agosti na bado anavuta. Kesho natafuta mawe.

---

Chuma_Chakavu

Inchi 5 zitakupeleka 23 na nusu, umepita kidogo, hakuna shida. Usichukue yenye tundu katikati, hayo hupasuka. Na nunua matatu, moja litavunjika wiki ya kwanza, kuna mtu ataliangushia chuma makusudi kuona kama ni imara.

---

Ngurumo_Ya_Ziwa

Mtu huyo ni mimi.